Tupokezane kuvunja

KANDO YA ZIWA, na Saidi Hakizimana

Kwenye baa za Gisenyi, sheria ya meza ya pool haihitaji kuandikwa: aliyeshinda anabaki na fimbo, aliyeshindwa anampisha anayengoja. Ni sheria nzuri ya baa. Ubishi huanza meza hiyohiyo ikiwekewa mashindano, kiingilio na zawadi. Gemu inayofuata avunje nani, yaani apige pigo la kwanza: aliyeshinda, aliyeshindwa, au wapokezane?

Wanaotaka mshindi aendelee wana hoja: mkono ukishapata moto, usipozwe. Mwaka 1996, mjini Dallas, Mmarekani Earl Strickland alivunja na kusafisha meza mara 11 mfululizo katika mchezo wa mipira tisa, wakati dola milioni moja zilikuwa zimeahidiwa kwa atakayefikisha 10. Kwa zamu, maajabu yale yasingetokea. Wanaotaka zamu nao hujibu kwa neno moja: haki. Anayevunja ana faida, wanasema, na mshindi akirundikiwa faida juu ya faida, mwenzake hana pa kutokea.

Mimi niko upande wa zamu, lakini hoja hiyo ya haki haisimami. Chukua mechi ya kufikisha gemu saba, ambayo haiwezi kuzidi gemu 13. Wakipokezana, aliyeanza atavunja mara saba kwa wingi, mwenzake sita. Sasa mwache mshindi avunje: aliyeanza anavunja gemu ya kwanza, kisha baada ya kila ushindi wake, nao hauzidi sita kabla mechi haijaisha. Saba tena! Mwenzake naye, sita tena. Hata ukimpa aliyeshindwa, hesabu ni ileile. Wanahisabati walishalithibitisha tangu miaka ya 1970: ikiwa matokeo ya gemu moja hayaathiri nyingine, sheria hizi hazibadilishi uwezekano wa kushinda mechi. Kinachobadilika ni upana wa matokeo.

Basi zamu ya nini? Ni ili kila aliyekuja kucheza acheze. Kwa sheria ya mshindi, mtu aliyepanda basi kutoka Kigali, kilomita 150 hivi za milima na kona, akalipa kiingilio, anaweza kufungwa saba bila kuvunja hata mara moja. Kwa zamu, hata akipigwa 7-0, atakuwa amevunja walau mara tatu. Atarudi kwao ameshindwa, lakini hatasema alikuja kutazama. Na watazamaji, ambao ndio wanaojaza ukumbi, watakuwa wamewaona wote wawili.

Haki yenyewe tuitafute inakopotelea: kwenye gemu ya 13. Kwa zamu, gemu hiyo ya mwisho huwa ya yule aliyeanza. Kwa hiyo ninapendekeza hivi kwa waandaaji wa mashindano wa Rubavu, wilaya yetu hii yenye Gisenyi. Gemu 12 za kwanza zichezwe kwa zamu, sita kwa sita. Ikifika 6-6, wachezaji wagombee upya: kila mmoja agonge mpira uende kingo ya mbali na kurudi, na ambaye wake utasimama karibu zaidi na kingo ya huku ndiye avunje. Gemu ya uamuzi itakuwa imetafutwa kwa ufundi, papo hapo, mbele ya watu.

Bandikeni hayo ukutani kabla ya mechi ya kwanza. Baada ya hapo kila mtu huikumbuka sheria ya baa ya kwao.