Fomu ikisema "Asante", dosye iwe imefika kweli

Kijana wa Mubi, katika teritwari ya Walikale, akiomba kazi kwa intaneti, anapiga picha ya diploma na ya kadi ya mpiga kura, anajaza fomu kwenye telefone, kisha anabonyeza "Tuma". Fomu inajibu "Asante". Wiki zinapita bila jibu, na akiuliza anaambiwa dosye yake haikuonekana: labda rezo ya kwao ni mbaya.

Lawama hiyo haimfai. Kwa kawaida neno "Asante" linatoka kwenye seva. Likionekana, rezo imefanya kazi yake. Kosa litafutwe upande wa pili.

Huko mara nyingi inatumika PHP, lugha ya programu iliyoanzishwa na Rasmus Lerdorf na kutolewa 1995. Isiporekebishwa, PHP inapokea faili isiyozidi megabaiti 2, na fomu nzima isiyozidi megabaiti 8. Picha moja ya telefone ya leo inaweza kupita megabaiti 2 kwa urahisi. Ikipita, maandishi yanafika bila picha. Fomu nzima ikipita 8, programu haioni kitu, hata jina la mwombaji. Kama aliyeiandika hakuweka ukaguzi, inaandika "Asante" juu ya dosye tupu.

Aliyetengeneza fomu akijaribu kwenye kompyuta ya ofisini, kwa faili ndogo, hawezi kuligundua hilo. Ajaribu kwa telefone na picha kubwa. Aangalie kwanza kilichotoka kwenye kivinjari, kisha kilichofika kwenye seva, mwisho kilichohifadhiwa. Kiwango cha ukubwa kiandikwe wazi kwenye fomu, na picha ikizidi, mtu aambiwe palepale, kabla mega zake hazijaisha na tarehe haijapita.

Tena, kila dosye ipewe namba. Mubi ni senta ya biashara ya kasiteriti, na watu wake wanajua maana ya namba: katika mfumo wa ITSCI, gunia la madini linafungwa etiketi yenye namba na kuandikwa kitabuni, ili lifuatiliwe njiani. Diploma ya kijana isipewe heshima ndogo kuliko gunia. Akiwa na namba, ataweza kudai. Bila namba, anabaki na neno "Asante" tu.