Debe Tupu? Hebu Tuzime Spika Tuone

Nataka kuzungumzia muziki wa roki, na najua wengine wenu mkiliona neno hilo mtakimbilia ukurasa wa mashairi. Ngojeni kidogo, jameni.

Mwaka jana, muhula wa pili, siku ya vipaji hapa shuleni, mimi na wenzangu watatu tulipanda jukwaani. Tulikuwa na gitaa la stima la kuazima, kinanda kidogo, ngoma, na spika mbili kubwa zilizoletwa kwa mkokoteni. Mimi ndiye niliyekuwa mwimbaji. Wimbo tulikuwa tumeutunga wenyewe, wa roki, na tuliufanyia mazoezi wiki sita. Tukaanza. Lo! Madirisha ya ukumbi yalitetemeka. Wa kidato cha kwanza walisimama juu ya viti wakipiga mayowe. Nikajiona nimefika. Kisha, katikati ya ubeti wa kwanza, stima ikapotea.

Sasa sikilizeni aibu yenyewe. Stima ikipotea, si mwimbaji anaweza kuendelea? Koo halichomekwi ukutani. Basi nikaendelea. Niliimba mistari miwili hivi mbele ya shule nzima, na hapo ndipo nilipousikia wimbo wetu kwa mara ya kwanza. Haukuwa na kitu. Maneno ni yale yale manne yanarudiwarudiwa, sauti haipandi wala haishuki. Mpiga gitaa naye alikuwa akikwaruza nyuzi ambazo hazikutoa hata mlio wa mbu. Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele kama mvua ya upepo. Mwalimu mmoja, ambaye sitamtaja, akasema kwa sauti ya kusikika, "Debe tupu haliachi kuvuma." Tukashuka.

Methali hiyo iliniuma wiki nzima, hasa kwa sababu mwalimu hakutulenga sisi peke yetu. Aliulenga muziki wote wa aina ile, kwamba kelele huwekwa ili kufunika utupu. Babangu husema hivyo hivyo. Maoni yangu ni kwamba juu yetu sisi mwalimu alisema kweli kabisa, ila juu ya roki amekosea. Ushahidi ninao.

Ushahidi wenyewe umo katika kanda ya mjomba wangu. Mjomba alisoma sekondari miaka ya tisini, na ana sanduku la kanda ambalo hata shangazi haruhusiwi kulipangusa vumbi. Nilipomweleza yaliyonipata alicheka mpaka akakohoa, halafu akanitolea kanda moja ya bendi ya Nirvana. Nyimbo zake zilirekodiwa jijini New York tarehe 18 Novemba 1993, katika kipindi cha televisheni ya MTV kilichokuwa kimeanza mwaka wa 1989. Masharti ya kipindi yalikuwa mepesi kueleza na magumu kutimiza: bendi ije na magitaa makavu, yale ya mbao yenye tumbo, ikae vitini, iimbe.

Kwa asiyewajua, Nirvana walikuwa bendi ya watu watatu iliyoanzia jimbo la Washington, Marekani: Kurt Cobain alipiga gitaa na kuimba, Krist Novoselic alipiga besi, na Dave Grohl alipiga ngoma. Albamu yao ya Nevermind ya mwaka wa 1991 iliwapa jina duniani kote. Gitaa linakoroma kama lori linalopanda mlima, ngoma zinapigwa kama mtu anayevunja mlango, na mara nyingi tamasha likiisha vyombo vyenyewe navyo vinavunjwa. (Mimi ningelia. Gitaa zima!) Hebu fikiria watu wa namna hiyo wakiambiwa waketi waimbe polepole.

Walifanya nini? Kwanza, wimbo wao maarufu kuliko yote, Smells Like Teen Spirit, hawakuugusa. Katika nyimbo 14 walizoimba, sita zilikuwa za watu wengine. Tatu zilikuwa za bendi ya Meat Puppets, na ndugu wawili wa bendi hiyo walialikwa jukwaani kuwasaidia kuzipiga. Mmoja ulikuwa wa David Bowie, mmoja wa The Vaselines kutoka Uskoti, na ule wa kufungia ni wimbo wa zamani sana waliouchukua kwa Lead Belly, Mmarekani Mweusi kutoka Louisiana aliyefariki mwaka wa 1949. Grohl aliweka kando vijiti vyake vizito akatumia brashi na vijiti vyepesi. Waliongezewa mpiga gitaa wa pili, Pat Smear, na mama mmoja, Lori Goldston, aliyepiga selo, ile fidla kubwa inayoshikwa katikati ya magoti. Novoselic naye, katika wimbo mmoja, akashika kodiani kama wazee wetu wa mwomboko. Jukwaa lilikuwa limejaa mishumaa na maua ya yungiyungi.

Kuna wimbo mmoja humo ambao nimeurudisha nyuma mara nyingi hadi mjomba akatishia kuninyang'anya kanda. Unaitwa Pennyroyal Tea. Wenzake wananyamaza wote, Cobain anabaki na gitaa lake tu. Wimbo huo huo upo kwenye albamu yao ya In Utero, iliyotoka miezi miwili tu kabla ya usiku ule, na huko unakuja na mkoromo wote. Nilivisikiliza vyote viwili, kimoja baada ya kingine, jioni nzima. Katika ule wa kelele nilisikia hasira. Katika huu wa gitaa kavu, hasira ipo bado lakini imechoka. Sauti inakwaruza, inataka kukatika, inajishikilia. Hakuna ngoma ya kumfunika akikosea. Hata hivyo wimbo unasimama! Mshororo unapanda pale unapotakiwa kupanda na kushuka pale unapotakiwa kushuka, na nilijikuta nikiuimba njiani kwenda shule bila chombo chochote. Wetu ule hakuna aliyeuimba njiani, hata sisi tuliouzaa.

Cobain alifariki Aprili 1994, akiwa na umri wa miaka 27, na kanda ikatoka Novemba mwaka huo. Kwa sababu hiyo wengi huisikiliza kama buriani, mjomba akiwa mmoja wao. Mimi hapana. Kati ya wimbo na wimbo anasikika akitaniana na watu, na nadhani tunamdhulumu tukimsikilizia matanga kila neno.

Rafiki yangu mmoja katika chama hiki alinipinga vikali nilipomweleza haya. Alisema ni udanganyifu, kwani hata gitaa la Cobain usiku ule lilikuwa limeunganishwa na amplifaya, na maikrofoni nazo zinatumia stima. Nakubali. Ukitaka ukavu wa asilimia mia moja, nenda ukaimbe kisimani. Lakini mimi sihesabu waya. Nauliza kama mwimbaji amebakiwa na kitu cha kuimba pale ule mkoromo unapoondolewa.

Wapo wengine waliojaribu. KISS, ambao walijulikana kwa nyuso zilizopakwa rangi, moto na baruti jukwaani, waliketi na magitaa makavu mwaka wa 1995, na watu wakagundua kumbe mle motoni mlikuwa na waimbaji. Alice in Chains walifanya hivyo mwaka wa 1996, polepole, kwa sauti mbili zinazoshikana hata nywele zikanisimama. Oasis wa Uingereza nao mwaka huo huo walikuwa na kioja chao: mwimbaji wao Liam Gallagher hakupanda jukwaani, kakake Noel akalazimika kuimba zote, naye Liam yuko juu kwenye roshani anawazomea!

Si kila anayejaribu hufaulu. Eric Clapton aliupunguza mwendo wimbo wake wa Layla, ambao mwaka wa 1970 ulikuwa moto mtupu, akauimba kwa gitaa kavu mwaka wa 1992, na albamu ile ikampa tuzo kubwa ya Grammy. Dunia nzima inaupenda. Mimi, mtoto wa juzi, nasema aliutoa jino. Ule wa kwanza ni mtu anayelilia mapenzi. Huu wa pili ni mtu anayesimulia kwamba zamani aliwahi kulia.

Jumapili moja stima ilipotea mtaani kwetu (ndiyo, tena), na mjomba akaweka kanda ile kwenye redio yake ya betri. Babu alikuwa ameketi pale mlangoni. Alisikiliza kimya, kisha akauliza, "Huyu Mzungu anaumwa?" Tukacheka. Ulipofika ule wimbo wa mwisho, wa Lead Belly, hakucheka tena. Baadaye akatuuliza, "Kwani hili ni jambo jipya? Sisi tulikuwa na gitaa kavu kabla nyinyi hamjazaliwa." Akatutajia George Mukabi wa kule Kisa, aliyefariki mwaka wa 1963, ambaye muziki wake ulikuwa gitaa, sauti na chupa ya soda ya kugongwa, basi. Akamtaja Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili na kurekodiwa na Hugh Tracey mwaka wa 1952 huko Kongo. "Na watu walicheza," babu akasema, "walicheza mpaka jogoo."

"Kwa hivyo kelele hazifai, babu?" nikamuuliza.

"Hazifai."

Hapo ndipo mimi na babu tunapoachana, kwa heshima zote. Mukabi hakuwa na stima ya kuiacha. Hawa wengine walikuwa nayo, wametajirika nayo, na wakakubali kuonekana bila hiyo. Hilo linahitaji moyo. Isitoshe, kuna hasira ambayo haisemeki kwa kunong'ona, na ninaposikia Nevermind kwa sauti ya juu (babangu akiwa kazini) najua kelele zile zina kazi yake. Sitaki bendi ziache kelele. Nataka tu tuzione zikizimwa mara moja moja, ili tujue.

Kwa hiyo nimemwandikia mwalimu mlezi wa chama chetu ombi: siku ya vipaji mwaka huu, kila kundi lenye spika liimbe kwanza ubeti mmoja bila spika, kisha ndipo lifunguliwe stima. Bado hajanijibu. Wenzangu wawili wamenuna, wanasema nimewachongea. Lakini tunakutana kila Ijumaa baada ya masomo, chini ya mti ule karibu na lango, tukiwa na gitaa kavu la mjomba ambalo lina nyuzi tano badala ya sita. Maneno manne yamekuwa beti mbili. Ya tatu inatusumbua.