Si kila aliyeshindwa na dawa aliiacha

Kwenye matanga ya mtu aliyeishi miaka mingi akimeza dawa za SIDA, neno moja hupita kwa sauti ya chini: "Aliacha dawa mwenyewe." Nimelisikia mara nyingi, na nakiri kwamba nami nimepata kulisema. Leo naliona kuwa dhuluma.

Tukitazame kirusi chenyewe. Kila kinapoingia katika chembe nyeupe ya damu, hunakili ujumbe wake wa urithi, wenye herufi karibu 10 000. Kimeng'enya kinachonakili ni kama mwandishi asiyerudi kusoma alichoandika. Ndani ya mgonjwa asiyetibiwa, mabilioni ya virusi huzaliwa kila siku. Hivyo makosa mengi yamo mwilini hata kabla ya kidonge cha kwanza. Mengi hukidhuru kirusi. Machache hukifaa: badiliko moja tu, mahali pa 184 katika kimeng'enya hicho, latosha kuishinda lamivudini, jingine, mahali pa 103, huzishinda nevirapini na efavirenzi kwa pamoja. Ndiyo sababu AZT, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987 na kutumiwa peke yake, ilishindwa upesi, na tangu 1996 dawa hutolewa tatu tatu. Kirusi kimoja hakipati kwa urahisi makosa yote matatu kwa wakati mmoja.

Lakini dawa hizo hazitoki mwilini pamoja. Efavirenzi, iliyotumiwa na wagonjwa wengi kwa miaka, hukaa damuni siku nyingi kuliko wenzake. Ghala likiwa tupu na mgonjwa akikosa zote siku moja, yenyewe hubaki peke yake mbele ya adui, na kirusi kinachoivumilia ndicho huzaana. Kisha hujificha katika chembe zilizolala, na huweza kuinuka miaka mingi baadaye, dawa ile ile ikirudishwa. Dolutegraviri, inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kuwa ya kwanza tangu 2019, ni ngumu zaidi kushindwa. Hata hivyo nayo yahitaji kufika mkononi mwa mgonjwa.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 2025 vita viliingia Goma, na siku hizo hizo Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Mama aliyekimbia na mtoto mgongoni, je, tumwite mkaidi? Wapo kweli wanaoacha kumeza: mmoja anamficha mumewe, mwingine ameambiwa katika chumba cha maombi kwamba amekwisha kupona. (Huyo wa pili, lawama yake na imwendee aliyemwambia.) Lakini karipio letu huzaa uongo. Mgonjwa anayeogopa aibu humwambia muganga kwamba amemeza zote, na muganga huamua kwa kufuata uongo huo.

Kinachosema kweli ni kipimo cha wingi wa virusi. Mtu akiwa kwenye dawa na bado ana zaidi ya 1 000 katika mililita moja ya damu, husaidiwa kumeza vizuri, hupimwa tena, kisha hufikiriwa dawa nyingine. Mashine ni chache na ziko mbali, lakini matone ya damu yaliyokaushwa juu ya karatasi husafiri bila barafu. Kikundi chetu hukusanya mchango kila palipo na matanga. Tungeweza kulipa nauli ya karatasi hiyo, mgonjwa akiwa bado hai.