Mazoezi Yasiwe ya Siku Moja

Kila tarehe 1 Januari, Siku ya Mazoezi, barabara hujaa watu wakienda mchakamchaka hadi uwanjani, na viongozi wetu huwa pamoja nao. Hilo twalipongeza. Lakini vikundi vya mazoezi haviishii siku hiyo. Wanachama wake, wake kwa waume, huingia barabarani baada ya sala ya alfajiri. Hutembeleana Unguja na Pemba, huwakagua wagonjwa na huzikana. Huo ni udugu wa kweli.

La kusikitisha ni kwamba mahali pengi wanakimbia gizani, wakipishana na daladala na bodaboda, kwa kuwa njia ya waendao kwa miguu haipo. Tunaishauri Serikali iweke taa, na kila wilaya itenge barabara moja isiyopita magari alfajiri ya Jumapili. Wakimbiaji nao wavae nguo zenye kuonekana, wala wasitandae barabara nzima.

Shinikizo la damu na kisukari vinawaandama watu wetu mwaka mzima. Kinga nayo na iwe ya mwaka mzima.