Ugoko haukomazwi kwa mateke

Ukisimama pembeni mwa kiwanja chochote cha Kahororo, hapa Bukoba, jioni, hutakosa kumsikia mtu mzima akimfokea mtoto aliyeanguka: "Inuka bwana, acha umayai!" Mtoto ameushika ugoko kwa mikono miwili, machozi yanamlengalenga, na anayemfokea hajauliza hata ameumia wapi. Akirudi mchezoni huku anachechemea, anapigiwa makofi. Kesho yake atacheza tena kwa mguu uleule, bila kitu chochote kati ya mfupa wake na teke linalofuata.

Hivyo ndivyo imani hii inavyorithishwa, na si Kahororo peke yake. Utaikuta Kashai, utaikuta Hamugembe na Rwamishenye, na ukishuka Muleba utaikuta Kamachumu. Inasema kwamba ugoko wa mwanasoka hukomaa kwa kupigwa. Mtoto apigwe mapema ili azoee. Ukimvalisha shingadi, yaani vikinga ugoko, akiwa na miaka kumi, umemlea kimayai na atakua anaogopa kuingiza mguu. Shingadi ni za mechi, tena mechi za wakubwa kule uwanja wa Kaitaba wanakocheza Kagera Sugar.

Ni imani ya uongo. Inadumu kwa sababu wanaoisema ni watu wanaowapenda hao watoto: baba, kaka, kocha wa kujitolea asiyelipwa hata nauli. Maneno yao yanapokelewa bila kuulizwa, na ndiyo maana yafaa kuulizwa.

Tuanze na mwili wenyewe. Weka kidole gumba mbele ya mguu wako, chini ya goti, ushuke nacho taratibu mpaka karibu na kifundo. Njia nzima unagusa mfupa. Nyuma kuna shavu la mguu lililojaa nyama. Mbele kuna ngozi, kisha utando mwembamba unaoufunika mfupa, kisha mfupa wenyewe. Utando huo umejaa mishipa ya fahamu, ndiyo maana teke dogo la hapo humfanya mwanamume mzima aone nyota mchana. Hakuna msuli wa kufanyia mazoezi ukanenepa. Teke likitua hapo halikuti kitu cha kukomaza.

Mtetezi wa mateke aliyesoma kidogo atanijibu kwamba mfupa unaofanyishwa kazi huimarika. Kweli kabisa. Kukimbia, kuruka kamba, kupanda vilima vyetu na ndoo kichwani, vyote huujenga mfupa polepole, mwaka hadi mwaka. Lakini kubeba uzito ni jambo moja na kugongwa ni jambo jingine. Njumu ikitua kwenye ugoko, damu huvilia chini ya ule utando, panavimba, na pengine pakipona panabaki nundu. Waombe wachezaji waliotundika daluga wakupe mguu uupapase. Watakuonyesha mahali ambapo hapaumi tena, na watakuonyesha kwa fahari. Hilo ni kovu. Mwenye kovu la moto mkononi hatuambii kwamba mkono wake sasa hauungui.

Kwa mtoto mambo ni mabaya zaidi. Mifupa yake bado inarefuka, na sehemu inayorefukia iko kwenye ncha, karibu na goti na karibu na kifundo. Ikiumia vibaya hapo, mguu unaweza kubaki mfupi au kupinda. Halafu kuna hiyo ngozi nyembamba. Mfupa wa ugoko ukivunjika, ni rahisi ncha yake kuitoboa ngozi na kutokeza nje, na uchafu wa uwanjani ukaingia ndani. Mfupa ukishaingiwa na vijidudu, matibabu yake si ya siku mbili tatu. Ni ya wiki na miezi, pengine na upasuaji zaidi ya mmoja. Mzazi anayeona vikinga ni gharama hajawahi kuuguza mfupa wenye usaha.

Sasa ile hoja inayopendwa kuliko zote: "Mbona sisi tulicheza bila shingadi na tuko hapa?" Ndiyo, mko hapa. Walioketi kwenye benchi wakisimulia mabao ya zamani ni wale waliosalimika. Yule aliyeacha mpira darasa la sita kwa sababu ya mguu hana hadithi ya kusimulia, kwa hiyo hayupo kwenye benchi. Yuko kibanjani kwake anapalilia migomba, au anaendesha bodaboda, na hakuna aliyemhesabu. Wengine wa aina yake hata hospitali hawakufika. Walipelekwa kwa mtaalamu wa kuunga mifupa kijijini, mguu ukafungwa vijiti, ukaunga ulivyotaka wenyewe. Kila mtaa una mtu kama huyo. Tunalitaja jina lake kwa masikitiko, kwamba alikuwa fundi wa mpira yule, kisha tunageuka kumwambia mtoto wetu aache umayai.

Wapo wanaodai kwamba watoto hawana nguvu za kuvunjana. Hao nawaomba waangalie chandimu, yaani mpira wa mtaani, vizuri siku moja, waangalie chini, si mpira. Mvulana wa darasa la nne, pekupeku, anakabwa na kijana wa sekondari aliyevaa daluga za mitumba ambazo njumu zake zimelika upande mmoja zikaacha ncha. Kuna aliyevaa raba, kuna aliyefunga kandambili kwa kamba. Mvua ya Bukoba imenyesha mchana, uwanja unateleza, na mwenye kuteleza hana breki. Hakukusudia rafu, ila mguu wake unakwenda unakokwenda. Zaidi ya hapo, watoto hawajajua kupanga nafasi. Wote wanaukimbilia mpira kama kuku waliomwagiwa mahindi, na kila mmoja anapiga anachokiona. Beki mzoefu anajua mguu wa mwenzake uko wapi. Mtoto hajui.

Na hayo yote hutokea mazoezini. Mechi ni mara moja kwa wiki, ikiwapo. Mazoezi na chandimu ni karibu kila jioni. Anayemvalisha mtoto vikinga siku ya mechi tu amemkinga kwa dakika chache na kumwacha wazi wiki nzima.

Tuje kwenye sheria, kwa sababu watu wa mpira wa mtaani hupenda kudai kwamba sheria ni za wakubwa. Sheria ya nne ya soka inataja vitu ambavyo mchezaji lazima awe navyo: jezi yenye mikono, bukta, soksi, vikinga ugoko na viatu. Vikinga vimekuwa lazima tangu 1990, na lazima vifunikwe na soksi. Kikimdondoka mchezaji kwa bahati mbaya katikati ya mchezo, anatakiwa kukirudisha mapema iwezekanavyo, asipitishe pale mpira utakapotoka nje. Sheria hizohizo zinaruhusu soka la watoto lilegezwe. Uwanja unaweza kuwa mdogo, goli likawa dogo, mpira ukawa mwepesi, dakika zikapunguzwa, na aliyebadilishwa akaruhusiwa kurudi. Kucheza bila vikinga hakumo katika orodha hiyo. Waliotunga sheria walimfikiria mtoto, wakampunguzia kila walichoona kinampa taabu, na hicho wakakiacha palepale. Sisi tumefanya kinyume: uwanja ni uleule wa wakubwa, na kitu pekee tulichompunguzia mtoto ni kinga.

Machi 1, 2020, Mbwana Samatta alifunga bao la kichwa Wembley, Aston Villa wakicheza fainali ya Kombe la Ligi na Manchester City. Nchi nzima ilishangilia. Soksi zake zilikuwa na vikinga ndani, maana bila hivyo mwamuzi asingemruhusu kuingia uwanjani, na sikumsikia mtu akisema Samatta hajakomaa. Mabinti zetu wa Serengeti Girls waliofika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India mwaka 2022 nao walicheza na vikinga kila mechi. Ukitaka mtoto wako afike huko, mzoeshe mapema kukimbia na kugeuka navyo, maana asiyevizoea huviona vizito siku ya kwanza.

Kuvicheka vikinga si jambo geni. Mwaka 1874 Sam Weller Widdowson wa Nottingham Forest, aliyekuwa pia mcheza kriketi, alichoka kupigwa miguu. Alichukua padi za kriketi, akazikata zikawa fupi, akazifunga juu ya soksi akaingia uwanjani. Inasimuliwa kwamba walimcheka. Baadaye waliiga.

Kuna mchezo mwingine unaofaa kutufunza, ingawa barafu ya kuuchezea Kahororo haitapatikana. Nairobi, kwenye hoteli ya Panari iliyoko Barabara ya Mombasa, kuna kiwanja cha barafu, na hapo ndipo ilipozaliwa timu ya hoki ya barafuni ya Kenya, Ice Lions. Mwaka 2018 kampuni ya migahawa ya Tim Hortons iliwapeleka Kanada, ikawavalisha vifaa kamili, wakacheza pamoja na nyota wawili wa huko, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mchezo huo ni wa kugongana kwelikweli. Wachezaji wana magongo mikononi na vyuma vikali chini ya viatu, na kinachopigwa ni kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi. Huko Kanada, mtoto anayeanza kufundishwa mchezo huo hufungwa kwanza kikinga kigumu kinachofunika goti na ugoko wote, ndipo apewe gongo. Hakuna baba anayesimama pembeni akisema mtoto apigwe kwanza azoee. Na sijui nani atathubutu kuwaita Wakanada waoga katika hoki ya barafuni.

Pesa? Naomba tusidanganyane. Mzazi huyohuyo anayesema hana pesa ya shingadi amemnunulia mwanawe jezi ya Simba au ya Yanga, na msimu ukibadilika atanunua nyingine. Jezi haijawahi kuzuia teke. Vikinga ni rahisi kuliko daluga, hupatikana hata kwenye mitumba, na vikimbana mkubwa humfaa mdogo wake. Kwa asiye na kitu kabisa, kipande cha bomba la plastiki kilicholainishwa kwa maji ya moto kikakunjwa kufuata mguu, kingo zake zikasuguliwa mpaka zisikate, na ndani kikabandikwa sponji ya ndala iliyokatika, ni bora mara mia kuliko ugoko mtupu. Kazi ya maji ya moto na kisu aifanye mtu mzima. Boksi ambalo watoto wengi hulichomeka kwenye soksi halifai. Linalowa kabla ya mapumziko, na kwa mvua zetu halifiki hata hapo.

Kipimo cha kikinga hakihitaji mtaalamu: kianzie vidole vichache chini ya goti, kiishie juu kidogo ya mahali mguu unapokunjikia. Kikicheza ndani ya soksi, kifungwe. Na kwa vijana wa siku hizi wanaomuiga nyota wa soka Jack Grealish, anayeshusha soksi na kuvaa kikinga kidogo kama cha mtoto: Grealish ana madaktari pembeni mwa uwanja na klabu inayolipa matibabu yake. Wewe una bodaboda ya kukupeleka hospitali, na anayelipa ni mama yako.

Sitadai kikinga kinazuia kila kitu. Hakilindi goti, hakizuii kifundo kuteguka, na wapo waliovunjika mguu wakiwa wamekivaa, kwa sababu teke zito sana hupita. Kazi yake ni kulitawanya teke lisitue mahali pamoja, na kuzuia njumu isiichane ngozi. Kwa mateke ya kila jioni, ambayo ndiyo mengi, kazi hiyo inatosha kumrudisha mtoto nyumbani bila kidonda.

Kwa hiyo ninyi mnaoandaa mashindano ya kata, mnaogawa mbuzi kwa mshindi na jezi zenye jina la mfadhili kifuani, anzeni na vikinga kabla ya jezi. Makocha, viwe vya mazoezi, si vya Jumamosi tu. Na wewe mwamuzi wa mchangani, hata kama hulipwi, kabla ya kuanzisha mechi ya watoto pita mstari mzima uguse soksi moja moja. Ukikuta ugoko mtupu, huyo mtoto asicheze, na wazee wakikuzomea, waache wazomee.