Haki ya Mtoto Mwenye Kifafa



Tangu 1997 madaktari wa Marekani huruhusiwa kupandikiza kifuani kifaa kipelekacho umeme mdogo katika mshipa wa fahamu wa shingoni, kupunguza kifafa kilichoshinda dawa. Tangu 2017, hata kwa watoto wa miaka 4.

Twamshukuru Mungu. Lakini je, dawa zaweza kusemwa zimemshinda mtoto wa Olbalbal asiyezipata mfululizo? Kule Mahenge, kliniki aliyoianzisha Dkt. Louise Jilek-Aall mwaka 1960 iliwatuliza wengi kwa fenobabito, kidonge cha bei nafuu.

Kifafa hakiambukizi. Wazazi, msimfiche mtoto bomani, wala msimwache karibu na moto. Viongozi wa jumuiya, mfikisheni hospitali, nasi sote tudai dawa zisikatike zahanati. Yesu hakumkwepa mtoto wa namna hiyo (Mk 9:14-29). Sisi je?