Chaguo-msingi Limlinde Mwanagenzi

Chaguo-msingi ni mpangilio ambao programu huja nao kabla mtumiaji hajagusa chochote. Watu wengi hawaubadilishi kamwe, ama kwa kutojua kwamba unabadilika, ama kwa hofu ya kuharibu. Kwa sababu hiyo, ninashikilia kwamba watengenezaji wa programu wana wajibu wa kuchagua mpangilio unaomlinda mwanagenzi kwanza.

Tuchukue mfano wa Git, programu inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko ili waandishi wa programu waweze kurudi nyuma wakikosea. Ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kutunza msimbo wa Linux. Humo kazi hugawanywa katika matawi: tawi moja huweza kuwa na kazi iliyokamilika, jingine majaribio. Hapo awali, mtumiaji alipotoa amri ya kutuma bila kutaja tawi, Git ilituma kwa mkupuo matawi yote yenye majina yanayolingana na yaliyoko kwenye seva. Aliyekusudia kutuma tawi moja aliweza kutuma na majaribio ambayo hayajaiva. Akitumia amri ya kulazimisha, aliweza hata kufuta kazi ya wenzake katika matawi ambayo hakuyafikiria. Tangu toleo la 2.0 la mwaka 2014, amri hiyo hutuma tawi analofanyia kazi tu, na hukataa ikiwa jina lake halifanani na la tawi linalopokea.

Wapo wanaopinga mabadiliko ya aina hii. Husema kwamba mzoefu huvurugiwa mazoea yake, na kwamba mwanagenzi asome maelekezo kwanza. Hoja ya kwanza ina uzito, lakini ina dawa: Git ilitoa onyo kabla ya kubadilika, na anayetaka utaratibu wa zamani anaweza kuurudisha kwa amri moja. Hoja ya pili ni dhaifu, maana mtu hawezi kutafuta maelekezo kuhusu hatari asiyojua kwamba ipo.

Mtahiniwa, ukiulizwa sifa za programu bora, usiishie kwenye kasi na wingi wa kazi inazofanya. Jiulize pia: je, mtu asiyebadilisha chochote yuko salama? Mzoefu anaweza kujichagulia mwenyewe, lakini mwanagenzi hutegemea alichochaguliwa.